Rangi Aliyoiacha Kaka

Haya yalimpata rafiki yangu mfamasia, mtu asiyeamini mizimu. Kaka yake alimwachia gari la zamani la mbio, la milango miwili, alilolifufua kwa mikono yake kwa miaka tisa.

"Injini badilisha, viti badilisha, uende nalo kazini kila siku," alimwambia kitandani. "Rangi tu niachie, mdogo wangu."

Akaitikia.

Baada ya maziko, kila alipoiona ile buluu ya gari iliyofifia alihisi kaka bado anamtazama. Akalipeleka kwa fundi rangi.

"Dada, tukwangue kwanza rangi ya zamani," fundi akanung'unika.

"Pulizia juu kwa juu. Marehemu haendi kazini Jumatatu."

Jumatatu akaliegesha, jekundu linang'aa, kwenye maegesho ya chini ya jengo la kazini. Mchana alishuka kufuata miwani garini, umeme ukakatika. Gizani akasikia msasa ukisugua, shwaa, shwaa, bila haraka, kisha pumzi ya mtu anayepuliza vumbi.

"Nani hapo?"

Msasa haukusita. Akawasha tochi ya simu, sauti ikakoma. Hapakuwa na mtu. Mlangoni kwa dereva palikuwa na kiraka cha upana wa kiganja, kimesuguliwa hadi bati. Akakigusa. Kilikuwa bado na joto.