Ndara za Mama

Rafiki yangu husimulia haya ameinamisha uso. Mama yake alipopata kiharusi, alijifunza upya kutembea kwenye kituo cha mazoezi. Roboti ilimshika mkono wa kulia ikimhesabia hatua; wa kushoto ulikuwa wa kushikwa na ndugu.

"Niko njiani, mama," rafiki yangu alisema kila siku kwenye simu, naye amekaa tu kwake.

"Huyu wa chuma hachelewi, mwanangu."

Baada ya mazishi alikwenda kituoni kuchukua ndara za mama.

"Pole, dada," mtaalamu wa mazoezi alimwambia. "Umeme umekatika na roboti imezimwa. Ingia tu."

Alizipapasa gizani, akazipata. Ndipo roboti ikaanza kuhesabu: "Moja. Mbili." Kila hesabu ilifuatwa na sauti ya ndara zikikwaruza sakafu, zikimjia.

Zote mbili alikuwa amezibana kifuani.