Mbio Kabla ya Miadi

Taa ya njia panda ilikuwa imeshageuka nyekundu, lakini Chapchap aliona kwamba bado nafasi ilikuwepo. Akajipenyeza kati ya basi na kundi la waendesha baiskeli, na ncha ya usukani wake ikanasa kamba ya mfuko uliokuwa ukining'inia kwenye baiskeli ya mtu. Mfuko ukapasuka. Mataya ya plasta, ya juu na ya chini, yakatawanyika barabarani mbele ya magari yote ya asubuhi.

Mwenye mfuko hakupaza sauti. Aliegemeza baiskeli yake nyeusi, nzito kama kitanda cha chuma, akachuchumaa na kuanza kuokota meno. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "ondoa mguu. Umemkanyaga mama wa watu. Hilo ni taya lake la juu."

Chapchap aliruka kando. "Samahani, kaka. Sasa atakula na nini?"

"Usimhofie. Hiyo ni plasta tu, nitammiminia nyingine. Ila niambie, unawahi wapi?"

Lilikuwa swali gumu. Chapchap alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini, na kila asubuhi alifika mlango wa idara ukiwa bado na kufuli. Alikaa kwenye benchi akihema, fulana yake ya njano imegandamana na mgongo, akimsubiri mwenye ufunguo. Hakuwahi kuchelewa popote. Alishajaribu kuendesha polepole: alitoka nyumbani na nia safi, akafika kona ya pili, akaona mgongo wa mtu mbele yake, na nia ikaishia hapo. Asipomwona mtu, alishindana na kivuli chake mwenyewe. Mwendo wa taratibu ulimwasha kama sweta la sufu juani. Jina lake hilo alipewa na watoto wa dada yake, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

"Siwahi popote," alikiri.

"Basi twende wote. Mfuko wangu umekufa, utanibebea nusu ya wateja."

Walikwenda. Wiki haikuisha kabla ya fundi yule wa meno ya bandia kuanza kumpigia simu kila jioni, na kumwita laazizi kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo. Chapchap alimwita Fundi. Wakakubaliana kukutana kila asubuhi kwenye duka la mikate karibu na daraja, waende kazini pamoja, baiskeli kwa baiskeli. Kwa sababu ya zamu za hospitali, njia hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yao pekee ya kuonana. Na Fundi alikwenda polepole kwa sababu za msingi. Mtu akifika kazini anatweta, mkono humtetemeka, na jino lililochongwa na mkono unaotetemeka humng'ata mwenyewe. Tena alipenda kuongea.

Chapchap aliteseka. Vidole vilimkakamaa kwenye breki. Katikati ya hadithi ya Fundi alijikuta yuko mbele peke yake, akalazimika kurudi nyuma kuuliza iliishaje. Dada yake aliposimuliwa alitikisa kichwa.

"Mdogo wangu, mwanamume hachumbii mgongo," alisema. "Mwenzio akitaka kukutazama usoni, atakushikia wapi?"

Kwa hiyo siku Fundi alipomuuliza kama mwendo ule unamchosha, Chapchap alijibu, "Hata kidogo. Mimi mwenyewe napenda polepole."

Huo ulikuwa uongo, na uongo ukitamkwa hudai matunzo. Chapchap akautunza kwa njia aliyoiona ya akili, kama mzazi anayemshibisha mtoto nyumbani ili asimwaibishe ugenini. Alianza kuamka alfajiri, akaenda kwenye barabara inayozunguka maghala makuukuu nyuma ya reli, mahali pasipo na wapita njia, akazunguka kwa kasi yote aliyokuwa nayo hadi miguu ikaishiwa hoja. Kisha alinawa uso kwenye bomba la walinzi na kwenda kwenye miadi. Baada ya hapo polepole haikumwasha tena. Alimsikiliza Fundi toka mwanzo wa hadithi hadi mwisho, na Fundi akafurahi.

Mpango ulikuwa na kasoro moja tu: hakumwambia mtu.

Asubuhi moja tairi ya Fundi ilipata pancha. Alimpigia Chapchap kumwarifu kwamba atachelewa. Simu haikupokelewa, akampigia dada mtu, ambaye alijibu kwa sauti ya usingizi kwamba shemeji anashangaza. Si yuko naye? Mbona ametoka zamani, kama kila siku? Fundi akaziba pancha. Alipofika kwenye duka la mikate alimwona Chapchap anakuja kutoka upande usio wa kwao, mashavu yanang'aa, nywele zimelowa.

"Unatoka wapi, laazizi?"

"Nyumbani."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Njia nzima siku hiyo hakuwa na hadithi.

Siku zilizofuata hakuonekana. Mara kazi ilikuwa nyingi, mara alipitia kwa fundi mwenzake. Jioni moja Chapchap alichoka kukisia, akampigia.

"Umenichoka, Fundi?"

"Anayechoka ni wewe. Kila asubuhi unafika umeshachoka."

"Maana yake?"

"Sijui maana yake. Ndiyo nakuuliza."

Jibu lilikuwa fupi na la kweli. Lakini Chapchap aliligeuza huku na huko, na kila upande lilisema vilevile: najichosha ili niweze kukuvumilia. Akaona afadhali asiliseme. Fundi akamtakia usiku mwema, akakata.

Kesho yake Chapchap alikwenda kwenye maghala kama kawaida, ingawa sasa hakuwa na miadi ya kuitayarishia miguu. Kulikuwa na umande na mwanga hafifu. Katika mzunguko wa pili alisikia mnyororo nyuma yake, na pumzi za mtu. Hakugeuka, anayegeuka ameshashindwa. Alibadilisha gia akaongeza kasi. Wa nyuma naye akaongeza. Chapchap alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na hilo hakulificha nafsini mwake. Yule mtu sasa alikoroma kama birika, lakini hakuachia. Kwenye kona yenye kokoto, Chapchap aliinama na baiskeli akapita. Nyuma yake chuma kiligonga lami, kisha mtu akakohoa, na kikohozi hicho alikijua.

Alimkuta Fundi ameketi mtaroni, shati jeupe limechanika ubavuni, gurudumu la baiskeli nyeusi likiendelea kuzunguka.

"Yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Nani?"

"Huyo unayemkimbilia."

Chapchap alimweleza yote akiwa amesimama, haraka, bila kupamba. Uongo ulianza lini, kwa nini, na ulivyomfikisha hapo kila alfajiri. Fundi alisikiliza huku ameshika mbavu.

"Nimekufuata toka mlangoni kwenu, na mizunguko yote," alisema mwishowe. "Sikuona mtu ila paka, naye alikuwa anatukimbia sisi. Lakini mbona hukusimama? Nilikuwa nakuita."

"Sikusikia sauti. Nilisikia mnyororo."

Fundi alitaka kucheka, ubavu ukamkataza.

Chapchap alimpeleka hospitalini, na mwenye ufunguo alipofika akampiga picha mwenyewe. Ubavu mmoja ulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Kisha wakamsubiri daktari kwenye korido, Fundi ameketi kwenye benchi, Chapchap akitembea toka ukuta hadi ukuta.

"Keti," Fundi alisema.

"Siwezi."

"Naona. Basi sikiliza ukitembea. Ile njia ndiyo pekee tunayoonana, ndiyo maana mimi naivuta irefuke na wewe unajiua kabla ya kuipita. Tukiwa nyumba moja, itabaki kuwa njia ya kazini tu. Wewe utaruka, mimi nitafika nikifika, jioni tutaongea mezani."

"Unanichumbia, au unapanga usafiri?"

"Vyote viwili. Usinichekeshe, nina ufa."

Chapchap alisimama mbele yake. "Na asubuhi ukinisikia natoka kabla ya jua?"

"Nitageukia ubavu usiouma, nilale."

"Basi nimekubali," alisema, akakaa kando yake, ingawa goti lake moja halikuacha kutikisika.