Uji wa Siku ya Mazishi

Kitu cha kwanza alichokiona Semeni kilikuwa kidogo sana. Katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mjane alikuwa anakoroga uji.

Akarudi nyuma aya moja ili ahakikishe. Hakukosea. Mume amezikwa saa tisa alasiri, na kabla jua halijazama mkewe amekwisha kuwasha moto na kuteleka sufuria iliyovunjika mkono mmoja, na moshi unapanda juu ya paa kama dua. Watoto watatu wamemzunguka, wanacheka kwa sababu yule mdogo amejipaka uji puani.

Semeni akainua macho. Wasomaji wenzake kumi na mmoja walikuwa wanalia kwa raha. Bi Hidaya, mama mnene aliyekaa kiti cha pili, alikuwa anapenga kamasi kwa upindo wa khanga yake. "Jamani mapenzi ya mama," alisema, "hayana kifani."

Kila mmoja wao alikuwa amevaa bangili nyembamba ya rangi ya maziwa, jina lake kisomamoyo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mapigo ya moyo, jasho la kiganja na mtetemo wa pumzi, kisha kupeleka habari hizo kwa Mfumaji. Huyo Mfumaji hakuwa mtu. Alikuwa mtambo uliojaza ukuta mzima nyuma ya kioo, usio na uso wala mikono, na ndiye aliyetunga riwaya zote zilizosomwa katika jiji la Singida. Raia walikwenda Hazina ya Sauti, wakakaa katika kijumba kidogo, wakasimulia maisha yao. Mfumaji akachukua uzi huku na uzi kule, akafuma kitabu. Kisha wasomaji kumi na wawili waliitwa kukijaribu. Penye kuchosha au kuumiza mno, kisomamoyo kilimwambia, naye akaufuma ukurasa upya mbele ya macho yao. Herufi ziliyeyuka juu ya karatasi-hai kama chumvi kwenye maji, zikachipuka nyingine. Kwa njia hiyo, tangu miaka kumi na moja iliyopita hapakuwa na mtu katika jiji lile aliyechoshwa na kitabu.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, kitabu hakipiti mpaka wasomaji wote kumi na wawili waweke dole gumba. Ya pili, kitabu kikishapita, sauti zilizokizaa hufutwa, maana Hazina imejaa na watu wengine wanangoja kusimulia.

Semeni alikuwa msomaji wa kumi na mbili, kiti cha karibu na mlango. Sheria ilitaka awepo mmoja ambaye hakumaliza shule ya msingi, na yeye aliishia darasa la tano. Lakini kusoma hakukumwacha. Alisoma maelezo ya dawa, alisoma vitabu vilivyotupwa, alisoma hata maonyo yaliyobandikwa kwenye mitambo ya kufagia barabara. Alichokosa ni kusema mbele za watu. Mara tatu alikuwa ameitwa kwenye ukumbi ule, na mara zote aliweka dole gumba, akachukua mfuko wake, akaondoka bila kufungua kinywa.

Riwaya hii aliingoja kuliko zote. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa amepewa barua ya Hazina: sauti yako imo katika kitabu kijacho. Bi Mwantumu aliisoma barua ile mara nne, akaikunja, akaiweka ndani ya mto. Semeni alikuwa akimtafuta mama yake ukurasa kwa ukurasa tangu asubuhi, na sasa amemwona. Sufuria ile aliijua. Hata mkono ulipovunjika alikuwepo.

Machozi yakamtoka. Kisomamoyo chake kikawaka rangi ya kijani.

"Nyuzi tisini na sita kati ya mia!" alisema Mhandisi Lubango, akitoka nyuma ya kioo huku anatabasamu. Alikuwa kijana mpole aliyevaa kanzu fupi ya kazi, na alimpenda Mfumaji kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa. "Tangu nianze kazi hapa sijaona ukurasa uliogusa watu namna hii. Na aliyeguswa kuliko wote ni dada yetu wa pale mlangoni. Haya, wapendwa, madole."

Kumi na mmoja wakaweka dole. Mwanga mdogo ukawaka mbele ya kila kiti, isipokuwa kimoja.

"Dada, bado wewe."

Semeni aliuficha mkono chini ya meza.

"Bonyeza, mwanangu, twende zetu," Bi Hidaya alisema. "Magoti yangu si ya kukalia kiti cha namna hii."

"Labda ameusahau mkono wake," alisema Mzee Kitundu, dereva mstaafu wa mitambo, ambaye hakuwahi kupitwa na nafasi ya kumtania mtu. "Ameitwa Semeni, kusema hasemi. Sasa hata kubonyeza hataki?"

Watu wakacheka. Semeni akaona uso unawaka moto. Siku nyingine yoyote kicheko kile kingetosha, angebonyeza akakimbia. Lakini alifikiri juu ya ile barua ndani ya mto. Akibonyeza, sauti ya mama yake itafutwa leo hii, na kitakachobaki duniani ni mama mwingine, anayekoroga uji huku watoto wanacheka.

"Sikipendi," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini ukumbi ule ulijengwa ili sauti ndogo zisikike.

Mhandisi Lubango aliinama, akatazama bangili yake. "Hukipendi? Dada, umelia. Moyo wako umepiga kuliko wa mtu yeyote humu. Chombo hakikosei."

"Hakijakosea. Kimeona moyo umepiga. Hakijui umepiga kwa nini."

Mzee Kitundu akaacha kucheka.

"Basi tueleze kwa nini," alisema Mhandisi, bado kwa upole.

Semeni alishika ukingo wa meza. "Huyu mama amezika mumewe leo. Kwa nini anapika?"

"Watoto wana njaa."

"Majirani wako wapi?"

Mhandisi hakuelewa. Alizaliwa ghorofani, chakula chake kilipikwa na jiko-jipishi tangu alipoachishwa ziwa, na msiba aliouona ulishughulikiwa na kampuni. Lakini Bi Hidaya alishusha khanga yake taratibu.

"Hee," alisema Bi Hidaya. "Kweli. Nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu. Wenye kupika ni majirani, wenye kufiwa wanakaa chini wanalia. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume niliamka siku ya nne nikasahau hata chumvi naiweka wapi." Akakitazama kitabu kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Mjane anayejipikia siku ya mazishi ni mjane aliyesuswa. Na mimi nimelia hapa nasema mapenzi ya mama!"

"Ni jambo la kurekebisha," alisema Mhandisi Lubango, akafarijika. "Mfumaji, umesikia? Walete majirani."

Herufi za ukurasa wa mia moja na kumi na mbili zikayeyuka. Sekunde tatu hazikupita, zikachipuka nyingine. Sasa majirani walikuwa wanaingia uani, wanawake sita, kila mmoja na chombo chake kichwani, ugali, mlenda, maharage. Mjane alikuwa amekaa mkekani, amelaza kichwa kwenye bega la jirani. Ulikuwa ukurasa mzuri. Visomamoyo vikaanza tena kuwaka kijani, kimoja kimoja.

"Mmeona?" alisema Mhandisi. "Tatizo limekwisha. Dole, dada."

"Hawakuja," alisema Semeni.

"Nani?"

"Majirani. Hawakuja. Mnawaleta wa nini?" Sauti yake sasa ilikuwa imepanda, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Huyo ni mama yangu. Sufuria ni yetu. Kwanza mmemfanya apike kwa furaha, sasa mnamletea watu ambao hawakuja. Kesho mtamfufua baba. Nilikingoja kitabu hiki miezi mitatu. Nilidhani nitamkuta mama yangu humu. Kimenivunja moyo, na hicho ndicho bangili yenu ilichokihesabu!"

Hapakuwa na aliyemtania. Mhandisi Lubango akafanya jambo ambalo msomaji wa majaribio ana haki nalo ingawa hapakuwa na aliyewahi kulidai. Alimwamuru Mfumaji afungue sauti ya asili.

Ikatoka ukutani sauti ya Bi Mwantumu, kavu, isiyo na haraka.

"Tulikuwa kambi ya minara ya upepo. Nyumba zote kuta nene, zimejengwa zisipitishe kelele, basi hata kilio hakitoki nje. Mume wangu alianguka asubuhi, wenye kambi wakamzika alasiri, shimo limechimbwa na mashine. Na kwetu habari ya kifo haitumwi kwa chombo. Mtu haambiwi msiba na waya, anafuatwa kwa mguu. Nikamtuma binti yangu mkubwa apite nyumba zote kumi na nne. Akaenda, akarudi. Nikamwuliza, umewaambia? Akasema, nimewaambia. Tukakaa tunangoja. Hakuja mtu. Magharibi ikaingia, watoto wana njaa. Nikawasha moto mwenyewe. Siku ya kumzika mume wangu nikapika uji mwenyewe. Baada ya hapo hawakunisalimia, nami sikuwasalimia. Mwezi haukuisha tukahama, binti akaacha shule. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji natapika."

Sauti ikakatika. Mfumaji alikuwa ameitupa karibu yote. Kila alipojaribu habari kama hiyo katika vitabu vya nyuma, mioyo ya wasomaji ilishuka, naye alifundishwa kuiinua. Akabakiza moto, sufuria na watoto, vicheko akavitia mwenyewe.

Bi Hidaya alinyoosha mkono, akalifuta dole lake kwenye kioo cha meza kwa ncha ya khanga, ingawa alijua dole likishawekwa halifutiki. "Majirani wale hawana utu," alisema. "Nyumba kumi na nne! Hata mmoja asije?"

 Semeni alikuwa amekaa wima, na bangili yake ilikuwa imegeuka rangi ambayo Mhandisi Lubango hakuwahi kuiona.

"Dada Semeni," alisema Mhandisi, na sasa alizungumza kama mtu na mtu, "kwa kukataa kwako kitabu kitarudi nyuma na sauti ya mama haitafutwa. Nakuahidi. Lakini sheria inasema anayekataa aweke sababu yake katika kumbukumbu. Sema chochote unachokijua ambacho Mfumaji hakijui. Kwa nini hawakuja?" Akasogeza kinasa sauti mbele yake. Taa nyekundu ikawaka.

Hapo Semeni akayatambua yaliyokuwa yanamngoja tangu alipoficha mkono. Alikuwa ameomba ukweli, na ukweli ule kipande chake kimoja hakikuwa kwa Mfumaji wala kwa mama. Angeweza kusema hajui. Angeweza hata sasa kubonyeza, majirani sita wabaki ukurasani na ugali wao, mambo yaishe.

Alivua kisomamoyo, akakiweka mezani.

"Andika nimekataa," alisema. "Sababu ninayo. Lakini haitaanza kusikiwa na ukuta. Yuko mwenye haki ya kuisikia kwanza. Akiniruhusu, nitarudi."

"Sheria inasema leo, dada."

"Basi sheria ikae iningoje. Wewe nawe ukae."

"Nenda, mwanangu," alisema Bi Hidaya. "Atakayekuzuia mlangoni apite kwangu kwanza."

Mzee Kitundu aliinuka, akamfungulia mlango yeye mwenyewe.

Semeni alikwenda nyumbani kwa miguu, ingawa viti-njia vya kubebea abiria vilipita mbele yake vitupu. Alimkuta Bi Mwantumu amekaa barazani, amevaa doti mpya ya khanga, ungo wa mchele mapajani. Aliusukuma ungo pembeni kabla Semeni hajasema shikamoo.

"Marahaba. Nimo?"

"Umo, mama."

"Nimekaaje humo?"

Semeni akakaa chini mbele yake. "Wamekudanganya. Nimekikataa kitabu."

"Wewe?" Bi Mwantumu alimtazama, nusu anacheka. "Wewe, Semeni, umekataa mbele za watu?"

"Mbele ya watu kumi na mmoja na mhandisi."

"Makubwa! Wamedanganya nini?"

"Kwanza walikufanya upike unafurahi. Nikakataa. Halafu wakawaleta majirani."

Kicheko kikafutika usoni mwa Bi Mwantumu. Alichukua punje moja ya mchele, akaiangalia, akaitupa uani. "Majirani," alisema. "Miaka tisa sasa. Nikilala nazihesabu nyumba zile. Mama Riziki niliyemkanda uzazi. Yule Mgogo niliyempa mbegu. Nawauliza kimoyomoyo, niliwakosea nini? Kitabu kingeandika tu hivyo, kwamba niliwauliza, ningetosheka."

"Hukuwakosea kitu, mama. Wala wao."

"Usiwatetee. Waliambiwa wakakaa majumbani mwao."

Semeni aliona haya inakuja, ile ile ya zamani. Safari hii hakuingoja imfikie.

"Hawakuambiwa. Labda waliposikia walidhani umewaficha," alisema. "Nilifika kila mlango, mama. Yote kumi na minne. Nikasimama, nikashindwa kufungua kinywa, nikaenda unaofuata. Sikubisha hodi hata mmoja."