Jeki ya Lori la Aminieli

Kule Mwika, mlimani Kilimanjaro, asubuhi huanza kwa moshi wa jikoni na ng'ombe kulia. Aminieli alikuwa na desturi yake. Anaamka, anakata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe, anakunywa uji, halafu kabla hajaenda kwenye kahawa anapita bandani kulitazama lori. Analitazama tu. Analipigapiga ubavuni kwa kiganja, kama unavyompigapiga ng'ombe wa maziwa aliyetulia.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilinunuliwa kwa mlowezi mmoja wa Sanya Juu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, miaka ile Mwingereza yupo bado na kahawa ina bei. Wenye lori walikuwa wawili, Aminieli na mdogo wake, Ndelilio. Vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vilipakana, mpaka ni mstari wa mimea ya masale tu, na kuku wa huyu walikuwa wakitaga kwa yule bila mtu kuuliza.

Kazi waligawana. Aminieli ndiye dereva na ndiye wa maneno. Anapakia ndizi anapeleka sokoni Sanya Juu, akishuka Kahe anarudi na mchele. Ndelilio si mtu wa maneno. Yeye alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, na huko wakamfundisha injini. Lori likikohoa, anainamisha kichwa anasikiliza, halafu anakwambia ni wapi panauma. Kwa hiyo lile lori bila Ndelilio lilikuwa bati tu.

Sasa shida yao ilikuwa moja. Hawakuwa na kitu cha maana cha kuinulia. Jeki iliyokuja na lori ilikuwa imekwisha meno, ukiinua inarudi. Aminieli akasema ya nini kwenda mjini kutafuta jeki, na miti ipo?

Mnajua mgomba ukibeba mkungu mkubwa unaelemewa, unainama. Unatafuta mti wenye panda, unauchomeka chini ya shingo ya mgomba, unasimama mpaka ndizi zikomae. Kila mtu wa mlimani amefanya hivyo tangu utoto, na Aminieli alikuwa hodari kabisa wa kuegemeza migomba. Basi akafanya vilevile kwa lori. Wanaitwa majirani, wanachomeka gogo refu chini ya lori na kulibinya, lori linanyanyuka upande mmoja, yeye anachomeka miti yenye panda chini yake. Majirani wanakwenda zao kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndelilio anaingia chini na spana zake.

Likafanyika hilo mara nyingi, na halikutokea neno. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu jambo baya likikuachia mara nyingi unaanza kuliita akili.

Siku moja ya masika klachi ilikuwa imeharibika. Jirani wa juu alikuwa amefungulia maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, na maji yakapita nyuma ya banda. Udongo ulikuwa laini kama ugali wa moto. Lori likanyanyuliwa, miti ikachomekwa. Ndelilio akachuchumaa, akatazama chini.

"Kaka, huu mti unazama."

"Mti huo unabeba mkungu msimu mzima," Aminieli akamjibu. "Mimi nimeegemeza migomba wewe hujaota meno. Najua."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na ndizi zilikuwa zimeshakatwa. Ndelilio hakubishana. Akaingia.

Mgomba una mizizi, jamani, unaegemea tu. Lori lina magurudumu. Lile lori lilitembea kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, na kiasi hicho kilitosha. Miti ikalala. Watu waliitwa tena kuja kubinya gogo, na safari hii walikuja mbio.

Ndelilio alishushwa mjini Moshi, hospitalini kule Mawenzi, juu ya lori la Mhindi mmoja aliyekuwa akipita. Madaktari walifanya waliloweza. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Aminieli alikaa mjini siku zote zile. Kila akiingia wodini, mdogo wake anageukia ukutani. Mke wa Ndelilio, Elinipendo, alikuwa akimlisha mumewe mtori kwa kijiko. Siku moja akamfuata Aminieli mpaka barazani na kumwambia kwa sauti ya chini, kwa heshima zote:

"Shemeji, mgomba ukianguka tunaukata, chini linachipua chipukizi. Wewe mwenyewe ndiye hodari wa migomba. Sasa niambie, mguu unachipulia wapi?"

Aminieli, yeye mtu wa maneno, akawaomba wazee wampe neno.

Wazee wakamshauri afanye kama desturi. Akachuma jani la isale, jani letu la kuombea msamaha, akafuatana na mzee mmoja wa ukoo mpaka kitandani kwa mdogo wake. Kwetu ukiletewa isale hukatai, hata kama moyo unakataa. Ndelilio akalipokea. Akaliweka dirishani.

"Isale nimepokea," akasema. "Lakini lori nalo liuzwe kwa vyuma chakavu. Mimi bandani kwako sirudi."

Hapo Aminieli akajua amepoteza vitu viwili, mguu wa ndugu yake na ndugu yake mwenyewe. Mguu haurudi. Akaona amebakiwa na jambo moja tu la kufanya, kumrudisha Ndelilio bandani. Na Ndelilio hawezi kurudi kwenye banda lilelile. Akaenda kutafuta mtambo wa kuinulia gari.

Aliingia duka moja la vyuma mjini. Muuzaji akamtolea jeki ya mafuta, mpya, inang'aa, akamwambia hata mwanamwali anainua lori nayo kwa mkono mmoja. Aminieli akaipenda papo hapo. Akaomba afikiri, akatoka kwenda kunywa chai.

Chai alikuwa akinywa kwa Bi Mwanajuma, mama mmoja wa mjini aliyekaanga maandazi karibu na hospitali. Watu waliouguza walimjua wote, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali lakini kikombe alikijaza. Aminieli akamsimulia habari ya ile jeki. Bi Mwanajuma akaepua karai.

"Ukishainua, lori litashikwa na nini?"

"Na hiyo jeki, mama."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Chini yake."

Bi Mwanajuma akamwambia amalize chai yake amfuate.

Walikwenda mpaka uani kwake. Palikuwa na kibanda, ndani yake vyombo vya ufundi vimefunikwa gunia. Vilikuwa vya marehemu mumewe, Alawi, fundi gari aliyejulikana mji mzima. Bi Mwanajuma akavuta jeki moja ya mafuta, akamwonyesha doa jeusi kwenye kitako.

"Ndani ya hii kuna raba," akasema. "Raba ikichoka, mafuta yanapita. Gari linashuka polepole au linashuka ghafla, na haipigi kelele. Nilikuwa nakaanga maandazi pale ulipo wewe. Sikusikia kitu. Nilidhani mume wangu amelala."

Aminieli akasema pole. Yule mama akasema pole ameshapewa nyingi, asikilize kwanza.

Jeki hii haikuwa mbaya, akamweleza. Ilimwinulia Alawi magari miaka mingi. Kosa ni kuipa kazi isiyo yake. Kazi ya jeki ni kuinua, basi. Gari likishainuka, linatakiwa kulala juu ya kitu kisichoshuka, kisichozama wala kupasuka. Alawi alilijua hilo na magogo alikuwa nayo. Siku ile alikuwa na haraka, akasema ni kazi ya dakika moja.

Aminieli akauliza kuhusu shimo, kama lile la magereji makubwa, gari likae juu na mtu asimame chini. Bi Mwanajuma akamuuliza kwao kuna mfongo au hakuna. Akasema upo. Akaambiwa shimo lake litakuwa kisima. Tena mvuke wa petroli ni mzito, unashuka shimoni unakaa, cheche moja ya spana inatosha. "Na huyo ndugu yako wa mguu mmoja, moto ukiwaka, atatoka shimoni vipi?"

Akauliza kuhusu mnyororo wa kuinulia wenye kapi, ule unaofungwa darini. Akaulizwa banda lake limejengwa kwa nini. Kwa fito na miti ya kukata, akasema.

"Basi utaliangusha lori na banda juu yake. Mnyororo ni mzuri kwa kutolea injini, lakini unataka boriti ya kuubeba. Baba, usichague chombo kwa kung'aa. Chagua kwa kutazama chini pana nini, juu pana nini, na anayeingia chini ni nani."

Ndipo akamtolea jeki nyingine, nzito, ya skrubu, ile ya kuzungusha kwa chuma kirefu, yenye kitako kipana. Ni ya polepole, inachosha mkono, lakini haina mafuta ya kuvuja. Hata hiyo, akasema, inaweza kupinduka, kwa hiyo hata hiyo haifai kushikilia. Wakapatana. Aminieli akaibeba begani, na ile ya mafuta Bi Mwanajuma akairudisha chini ya gunia. Hiyo, akasema, hauzi.

Aminieli akarudi Mwika kabla ya mdogo wake kutoka hospitali. Akaanza na maji. Akamwomba jirani wa juu, wakaugeuza mfongo upite mbali na banda. Akachimba udongo laini wote, akajaza mawe, akashindilia kokoto, juu akamwaga saruji na kuisawazisha. Akatafuta loliondo, ule mti mgumu, akapasua magogo mafupi manene yenye pembe, yaliyolingana yote. Mawe ya kulalia lori hakuyataka, kwa sababu jiwe hupasuka bila kukuarifu. Akachonga na kabari za kuzuia magurudumu, mbele na nyuma.

Majirani wakamcheka. Wakasema Aminieli anajengea lori kanisa. Kuna waliosema, na hawakusema kwa kumficha, kwamba angejenga hivyo mapema mdogo wake angekuwa anacheza ngoma. Alisikia yote. Akaendelea kushindilia.

Ndelilio akarudi na magongo yake. Alikaa nyumbani kwake, ng'ambo ya masale, na bandani hakukanyaga. Aminieli alimwomba mara nyingi, na kila mara Elinipendo ndiye aliyejibu, kwamba mumewe amepumzika. Mpaka siku moja, kahawa imeiva na hakuna cha kuibebea, Ndelilio alitokea mwenyewe mlangoni mwa banda. Hakusalimu. Akasema, "Inua nione."

Aminieli akavuta breki ya mkono. Akabana kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Akaweka jeki chini ya ekseli, akazungusha chuma mpaka jasho likamtoka. Lori likapanda. Akapanga magogo chini ya ekseli kila upande, mawili hivi, mawili yakikatiza juu yake, kama mtu anayejenga ghala. Halafu akaizungusha jeki kinyume, mpaka lori likalala juu ya magogo. Akatoa gurudumu moja, akalilaza chini ya chesisi, ili hata magogo yakikosea, lori lipate pa kuishia. Mwisho akalisukuma kwa bega. Halikutikisika.

Ndelilio akatazama yote. Akasema, "Lala chini yake."

Aminieli akalala chali, akajivuta mpaka kifua chake kikawa chini ya injini. Ndelilio akalisukuma lori. Akalipiga kwa gongo, akaliegemea kwa uzito wake wote, akalitikisa tena. Chuma kililia kidogo tu. Halafu akaacha, akavuta kigoda akakaa. Hakumwambia kaka yake atoke.

Kutoka kule chini Aminieli aliona mguu mmoja, na magongo mawili yamelala sakafuni. Aliona hayo tu. Tone la mafuta machafu likamdondokea shavuni, hakulipangusa.

"Ulijua?" Ndelilio akauliza.

"Sikujua."

"Uliniambia unajua."

"Nilikwambia."

Ng'ombe wakalia, mtu akapita barabarani akiwaita mbuzi wake.

"Toka," Ndelilio akasema mwishowe. "Hata nati hujui kuifunga."

Aminieli akatoka. Mdogo wake akashuka sakafuni kwa mikono, akakataa kushikwa, akajivuta chini ya lori na spana kifuani. Aminieli akageuka kwenda kuleta taa. Sauti ikamfuata:

"Usiondoke. Kaa pale ninapoona miguu yako."

Klachi ikatengenezwa, lori likateremka Moshi na kahawa ya vihamba vyote viwili. Watu wa Mwika wakaanza kuja kuazima magogo ya Aminieli, na wengine wakachonga ya kwao. Miti yenye panda ikabaki kwenye migomba, na ukoo ule haukuumizwa na gari tena.

Lakini Ndelilio na kaka yake hawakukaa tena kwenye chungu kimoja cha mbege. Waliongea habari za lori, basi. Na kila Ndelilio alipoingia chini, hata walipokwisha ota mvi, Aminieli alikuwa akisimama kando ya gurudumu, jua liwake, mvua inyeshe. Akisogea kidogo kunyoosha mgongo, sauti inatoka chini ya lori, wala si ya ukali.

"Kaka, miguu."

Naye anarudi pale pale, anasimama.