Barua Zisizo na Habari

Mpekuzi alimeza barua pepe za miaka thelathini kwa sekunde nne, akazishindilia ndani ya punje ya kumbukumbu ndogo kama mbegu ya ufuta. Mashine hiyo ndiyo iliyompa mhandisi Hidaya Mkumbo jina Dodoma nzima. Watu walileta kompyuta za wazee wao, Mpekuzi akazisoma, kisha kompyuta zenyewe zikapelekwa kuyeyushwa.

Asubuhi ile mteja alikuwa baba yake mwenyewe, Mzee Mkumbo, ameifunga punje yake kwenye leso kana kwamba itamtoroka. Kompyuta ya nyumbani kwao iliyeyushwa mwaka juzi, mkewe Bi Tatu akiwa bado hai. Sasa Bi Tatu hayupo, na mzee alitaka kitu kimoja tu: kumsikia tena akimsalimu, kama alivyomwandikia kila siku mumewe alipokuwa akifanya kazi mgodini.

"Nitafutie salamu za mama yako, mwanangu. Zile ndefu."

Hidaya akauliza. Mpekuzi akajibu kwa upole, "Salamu zimeondolewa. Zinajirudia, hazina taarifa."

Hidaya aliona aibu. Kanuni ile aliitunga yeye, na nishani akapewa kwa ajili yake. Bila hiyo punje isingekuwa ndogo vile.

"Naweza kuiambia itunge zinazofanana nazo, baba."

"Itunge?" Mzee alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Mama yako hakuwa na habari ya kunipa, Hidaya. Kuku walewale, majirani walewale. Aliniuliza nimeamkaje, mgongo unaendeleaje, nimekula nini, basi. Nami nilizisoma mara mbilimbili kabla ya kushuka shimoni."

Akamwambia asijisumbue, akavaa kofia, akaaga vizuri tu. Kuaga kule vizuri ndiko kulikomuuma Hidaya.

Alibaki na mashine yake, punje ya baba ikiwa bado ndani. Alikumbuka miaka ya chuo, barua za mama zikiingia kila alfajiri, naye akizipitia juujuu na kujiambia atazisoma likizo. Likizo zilikuja zikapita. Akaandika jina lake mwenyewe.

"Kutoka kwa Bi Tatu kwenda kwa Hidaya, barua elfu moja mia mbili na sita," Mpekuzi akasema. "Zenye taarifa, moja."

"Isome."

"Viatu vyako nimempa dereva wa basi la saa nne."