Sifuri ya Jumanne

Kila siku saa moja asubuhi, Modesta alizunguka nyuma ya madarasa ya shule yao kule Mkolani, akasoma kipimo cha mvua na kuandika milimita kwenye daftari. Mchana aliingiza namba hizo kwenye kompyuta ya klabu yao ya hali ya hewa, katika programu aliyoiandika mwenzake, Nkwabi.

Ijumaa Nkwabi alifungua jedwali mbele ya wanaklabu. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri. Wote wakaguna. Siku hizo mvua ilikuwa imewalowesha mpaka madaftari.

"Siku hizo ulikuwa msibani Kisesa," Nkwabi alimwambia. "Ukaona ubuni namba tu?"

Modesta alijibu kwamba hakuandika sifuri popote. Aliporudi Alhamisi alichora mistari mahali pa namba za siku hizo mbili kwenye daftari, na kwenye kompyuta aliacha visanduku vitupu. Wenzake walilikagua daftari kama noti bandia. Mistari ilikuwa ya wino mwekundu, namba zote za bluu. Mmoja akanong'ona kwamba imechorwa asubuhi hiyohiyo. Wakaanza kutaja majina ya wanaofaa kuwa mpimaji mpya. Modesta naye alimtazama Nkwabi kwa shaka: nani mwingine angeweza kuibadilisha programu yake?

Mwalimu Teodora, mlezi wa klabu, alipoingia na kuelezwa, hakumtetea yeyote.

"Modesta, kaa hapa. Fanya vilevile ulivyofanya jana."

Modesta alifungua siku mpya, akaacha kisanduku kitupu, akahifadhi. Kwenye skrini ikatokea sifuri.

Mwalimu alieleza kwamba Nkwabi alichagua aina ya namba isiyokubali utupu. Programu ikikosa thamani, inajiwekea sifuri. Nkwabi akaongeza alama ya kuuliza mbele ya jina la aina hiyo ili ikubali utupu, kisha akaiagiza programu iziruke siku tupu inapotafuta wastani. Wakajaribu tena. Kisanduku kikabaki kitupu.

"Nisamehe," Nkwabi alisema taratibu. "Kosa ni langu."

"Na mimi nilidhani umenichezea," Modesta alikiri.

"Kalamu nyekundu ni yangu, Modesta aliiazima kwangu jana," Mwalimu Teodora alisema. "Sikilizeni. Sifuri maana yake nimepima, mvua haikunyesha. Kisanduku kitupu maana yake sijui, na kusema sijui ni ukweli. Ninyi leo hamkujua kilichotokea, lakini hamkuacha nafasi tupu. Mliijaza kwa kumwita mwenzenu mwongo."

Jumatatu asubuhi, Modesta alikuta Nkwabi amemtangulia kwenye kipimo, ameshika daftari, anamsubiri asome.