Kigoda Alichokinunua Huda

Mmekula, mmeshiba, sasa mnataka kutishwa. Kila mkija kwangu Ghulail ni kigoda hicho hicho, kama kwamba bibi yenu hana maneno mengine. Haya, kaeni. Atakayeogopa asije kunililia mimi.

Huda, binti wa ami yangu, yule wa mtaa wa Aziziya, alikinunua Riyadh kwa Waingereza waliokuwa wakihama, mwaka 2014. Kigoda cha kale cha kuwekea miguu, juu kimetariziwa maua na majani yaliyosokotana hata hujui lipi linaanzia wapi. Mtumishi wake, Rosebellah, Mkenya wa Bungoma, ndiye aliyeona mwanzo, asubuhi akipangusa vumbi.

"Madam, hili ua jana lilikuwa tumba. Leo limechanua."

"Macho yako yako Bungoma. Fanya kazi, yalla."

Kweli yalikuwa Bungoma. Mkataba wake umekwisha, mamake yu taabani, anaomba arudi amkute hai. Huda anamjibu paspoti imepotea. Uongo! Alikichana kigoda ubavuni, akaitia humo, akashona, akakifukiza udi kama wazee wetu walivyokuwa wakimwekesha jini kitu, akanong'ona, "Nitunzie." Lakini anayemwekesha jini humtajia ujira wake, kuku au halua. Huda, kwa ubahili wake, hakutaja kitu.

Basi ikawa kila alasiri, nyumba imelala baada ya chakula, Huda akishapandisha miguu kigodani, husikika uzi ukipita kwenye kitambaa, ksss, ksss, na hakuna anayeshona, na harufu ya mawaridi yaliyoozea majini ikafika mpaka jikoni, mpaka siku Rosebellah alipoifuata na bakuli mkononi, akaona majani yanatambaa kwenye nyayo za madam, yanaingia ngozini na kutoka, yanaingia na kutoka, bila tone la damu, na madam anakoroma.

"Madam," akanong'ona, "amka. Kinakushona."

Alipoamka hakuihisi miguu. Nikaitwa mimi na kaka yangu Ussi, anayesomea watu wenye majini. Akasoma hata koo likamkauka, ndipo kigoda kikajibu kwa sauti ya kizee cha kike: "Natunza."

"Huda, umemwekesha nini?"

"Sijui, kaka."

Uzi wa kijani ulikuwa unapanda chini ya ngozi yake.

"Umefika magotini!" nikamwambia. "Sema, mwongo we!"

"Paspoti," akalia. "Ya huyu msichana."

Nikakipasua kwa kisu cha nyama, nikaitoa. Mume wa Huda, ndiye kafili, mdhamini wa Rosebellah, akatia saini ya kumruhusu kuondoka siku ile ile. Rosebellah alifika kwao siku ya pili baada ya mamake kuzikwa.

Kigoda tulikichoma. Jini alirudisha amana, ujira akajichukulia. Nikimwosha Huda miguu naliona ua jekundu kwenye kila wayo, limeshonwa, na kila Ijumaa limechanua zaidi kidogo. Alimzuia mtoto wa watu kwenda kumwona mamake. Leo yeye, hata chooni, hubebwa.